Mbona Mwanzo Mlilipa?

"Mbona mwanzo mlilipa?"

Afisa ustawi aliuliza hivyo kidole chake kikiwa juu ya risiti ya kwanza. Faili la Babu lilikuwa wazi mezani, risiti zetu zimebanwa kwa pini moja juu ya nyingine: ya kumuona daktari, ya vipimo, ya kitanda. Babu alikuwa pembeni yangu kwenye benchi, na kanzu yake nyeupe iliyopauka. Chini ya kanzu, kwenye paja, alikuwa amefunga mfuko wa mkojo. Fundi cherehani wa kwetu alimshonea kifuko cha kitenge cha kuufichia, akagoma kuchukua hela.

Nikasema tulichangishana. Wapangaji wenzake, wateja wa kahawa, vijana wa kijiweni.

"Basi mna uwezo."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa na fomu mbele yake, na fomu ilitaka kujua kama mgonjwa ana uwezo au hana. Risiti zilikuwa zimeshajibu kabla yetu.

Tuliondoka siku ile bila msamaha wa malipo, na mimi nikaondoka na lile swali. Nimekaa nalo wiki nyingi sasa. Nikilijibu kichwani asubuhi, jioni jibu limegeuka. Ukilitazama hivi, lina mantiki: aliyelipa juzi kwa nini leo ashindwe? Ukilitazama vile, ni ajabu kubwa. Majirani wanamwokoa mtu usiku, kukipambazuka wanahesabiwa kuwa mali yake.

Mzee wa birika

Watu wa Tandika, hapa Dar, Babu mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Birika la shaba lenye mkaa chini, vikombe viwili mkononi vinagonganishwa kabla hajafika, kashata kwenye beseni. Kahawa yake chungu kweli kweli, na akikuona umekunja uso anacheka.

Anapanga chumba cha uani, nyumba ninayokaa mimi. Hana mke hapa mjini. Ana mtoto sehemu fulani, Mpanda au Tabora, habari zinabadilika. Ana simu ya batani ambayo laini yake imesajiliwa kwa jina la kijana wa kijiweni, tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hana. Cheti cha kuzaliwa hana. Kadi ya mpiga kura alikuwa nayo zamani, ikaenda na mafuriko.

Bima hana, bila shaka. Ila hilo si jambo la kumshangaza mtu. Katika nyumba yetu yote mwenye bima ni mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayekatwa kwenye mshahara, na hata yeye kila mara utamsikia analalamika dawa fulani haimo kwenye orodha.

UTI na taifodi

Mjini mtu asiye na bima haanzii hospitali. Anaanzia duka la dawa. Anamweleza dada wa kaunta, dada anampa vidonge vya hela aliyonayo. Akiwa na elfu mbili anapata dawa za elfu mbili, hata kama dozi ni ya elfu sita.

Kisichopona dukani kinakwenda zahanati ya mtaani, ile yenye kitanda kimoja na bango la huduma ishirini. Pale utapimwa, na majibu nayajua kabla hujaingia: UTI na taifodi. Ndiyo magonjwa yetu rasmi. Kichwa kinauma, UTI. Mgongo, UTI na taifodi kidogo. Utachomwa sindano siku tano, na kila sindano ina bei yake.

Babu alikuwa anaamka usiku kila saa kwenda chooni. Akifika anasimama muda mrefu, tunasikia ndara zake zinatulia, halafu anarudi. Zahanati ikasema UTI. Akamaliza sindano, akaambiwa UTI ni sugu, akaanza nyingine. Hela ya birika miezi kadhaa iliishia pale.

Nani alijua tezi dume? Yeye mwenyewe alilijua jina, lakini kwake lilikuwa gonjwa la aibu, la wazee wengine.

Usiku ule mkojo ulipogoma kabisa, alikaa kimya mpaka maumivu yakamtoa sauti. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, paji la uso limegusa godoro. Tumbo la chini lilikuwa gumu. Tukaita bajaji.

Hospitali, nesi wa zamu alimwekea mpira wa mkojo ndani ya dakika chache, na nitamsifu mpaka nizeeke. Hakuuliza karatasi. Alisema tu, "Babu, pumua, usinibane," na mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Babu akalia. Si maumivu, ni ile raha.

Maswali yalikuja kulipokucha. Jina la mgonjwa, umri, anakaa wapi, bima au keshi.

Keshi, tukasema. Tungesema nini? Mtu yuko kitandani, dirisha la malipo limefunguliwa, namba ya malipo imetoka, na nyuma yako foleni inasukuma. Mama Zawadi, ambaye ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa kupokezana hela, alifungua kundi la WhatsApp kabla ya saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri risiti zote zilikuwa zimelipwa.

Haki iko, mwenye haki hayupo

Ninachokisema hapa si siri. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya 2003, na Sera ya Afya ya 2007 inasema mambo yale yale: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Kuna dirisha la wazee. Kuna mabango ya kuwaambia vijana wampishe mzee. Halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho vya matibabu ya wazee, na yeyote aliyemsindikiza bibi yake mwenye kitambulisho hicho anajua kwamba, dawa zikiwapo, kinafanya kazi.

Wazazi wetu walilelewa katika nchi ambayo hospitali ya serikali haikuwa na dirisha la hela. Uchangiaji ulianza 1993, kwenye hospitali kubwa, ukashuka taratibu mpaka chini. Misamaha ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, wasiojiweza. Waliopanga hawakuwa wajinga wala wakatili. Walijua wapo watakaoshindwa.

Walichokiwazia, naamini, ni kijiji. Kijijini kutojiweza kunajulikana. Mtu hana shamba, hana mbuzi, paa limebonyea, watoto hawapo, kila mtu anaona. Mwenyekiti akiandika barua anaandika anachokijua. Hata TASAF, walipoanza kunusuru kaya maskini, mlango wao ulikuwa mkutano wa wananchi: kaeni, mtajane, nani kati yenu ana hali mbaya zaidi.

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728.

Nani amtaje nani?

Wewe ni wa mtaa gani?

Ustawi walitutuma tukalete barua ya serikali ya mtaa. Barua itaje jina, umri, makazi, na kwamba mhusika hana uwezo.

Mwenyekiti alimtambua mara moja. "Si huyu mzee wa kahawa?" Akamsalimia shikamoo kwa heshima zote. Anakunywa kahawa yake karibu kila jioni. Halafu akauliza nyumba anayokaa, nikamwonyesha kwa kidole, akatikisa kichwa. Ile nyumba, kwa mpaka wao, iko mtaa wa pili. Barabara ya vumbi inayopita katikati ndiyo mpaka, na chumba cha Babu kiko ng'ambo kwa hatua kama kumi.

Mtaa wa pili hawamjui. Kahawa yake hauzi kule, kule kuna muuza kahawa mwingine, na wana makubaliano yao.

Mtendaji wa kule, kijana mpole, akasema hana tatizo, mradi mwenye nyumba athibitishe kwamba huyu ni mpangaji wake. Nikajua tumekwama kabla hajamaliza sentensi. Baba mwenye nyumba wetu anaogopa karatasi kuliko moto. Katika nyumba nzima hakuna mwenye mkataba. Akiandika kwamba fulani ni mpangaji wangu, chumba cha uani, amejiandikia mwenyewe ushahidi wa kodi ya pango. "Mimi namsaidia tu yule mzee," akaniambia. "Si mpangaji."

Babu analipa elfu thelathini kila mwezi kwa kusaidiwa huko.

Simlaumu sana. Kila mtu katika mlolongo ule alikuwa na sababu ambayo ukikaa kwenye kiti chake utaiona. Mwenyekiti hawezi kuandika mtu asiye wake. Mtendaji hawezi kuthibitisha asichokijua. Mwenye nyumba ana watoto wa kusomesha. Hakuna hata mmoja aliyetufukuza. Wote walituombea heri.

Kuna jambo jingine, na hili nililisita kuliandika. Babu anatoka Kigoma. Siku moja atakutajia Kasulu, siku nyingine Heru Juu. Watu wa Kigoma mnajua maswali mnayoulizwa kwenye ofisi, maswali ambayo mimi wa Morogoro sijawahi kuulizwa: babu yako alizikwa wapi, taja majina ya mito, sema neno fulani tukusikie. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji ya Burundi wakaingia huku, wakapewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na 2014 serikali ikatangaza uraia kwa zaidi ya 160,000 kati ya hao na watoto wao. Lakini wapo waliovuka nje ya makambi, na wapo ambao hawajawahi kuvuka chochote ila wanafanana na waliovuka.

Babu ni yupi? Sijamuuliza. Niliwahi kujiambia simuulizi kwa adabu. Nadhani kweli yenyewe ni kwamba sitaki kujua, kwa sababu nikijua nitalazimika kujibu nikiulizwa. Mgeni hana msamaha wa mzee, na hospitali nyingine zina bei ya wageni.

Yeye mwenyewe alisema mara moja tu, tukiwa tunasubiri zamu: "Mimi hapa nimeuza kahawa kabla mwenyekiti huyu hajazaliwa." Akaishia hapo.

Angekuwa na TB

Siku za kuhangaika nilimkuta kijana wa kijiweni kwetu, mbeba mizigo, amekonda lakini ana nafuu. Anameza dawa za kifua kikuu. Nikamuuliza amelipa shilingi ngapi. Akanishangaa.

Hajalipa. Vipimo bure, dawa bure, za miezi yote sita. Mhudumu wa jamii alimfuata mpaka geto kwake alipokosa kwenda kuchukua dawa, tena akamgombeza. Kitambulisho? Aliulizwa jina, simu, na anakaa karibu na nini. "Karibu na mashine ya kusaga," akajibu, ikatosha.

Hivyo hivyo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hivyo hivyo kipimo cha malaria na dawa ya mseto kwenye vituo vya serikali. Tunaweza, kumbe. Nchi hii hii, zahanati hizi hizi, manesi hawa hawa, wanaweza kumtibu mtu wa "karibu na mashine ya kusaga" bila barua ya mtu yeyote.

Sababu tunaijua. Kifua kikuu cha kijana yule ni hatari kwangu ninayepanda naye daladala, na kuna fedha za wafadhili zinazokuja kwa jina la ugonjwa huo. Tezi dume ya Babu haimwambukizi mtu. Inamuua yeye peke yake, kimya kimya, figo zikijaa maji.

Nilitaka kukasirika hapa, na kwa siku kadhaa nilikasirika. Lakini huwezi kuukasirikia mpango wa kifua kikuu kwa kufanya kazi. Ninachokikasirikia ni kule kusema kila mara kwamba mjini huwezi kumsaidia mtu asiyejulikana. Mbona huyu mnamsaidia?

Upande wa pili wa meza

Tulirudi ustawi na barua nusu. Mwenyekiti wa kwanza, yule mnywaji wa kahawa, alikubali kuandika kwamba anamfahamu mhusika kama mfanyabiashara mdogo katika mtaa wake. Neno "mfanyabiashara" nilimsihi alifute, akalikatalia. Alisema ndilo neno lenye heshima.

Kwa hiyo sasa tulikuwa na risiti zinazosema ana uwezo na barua inayosema ana biashara.

Afisa alikuwa yule yule. Mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nimekuja na Sera ya Wazee kwenye simu, aya nimeipigia mstari. Nikaanza kumsomea.

"Kaka yangu," akanikatiza, "hiyo mimi naijua kuliko wewe."

Akafungua daftari lake la misamaha akanigeuzia. Kurasa na kurasa. Mama aliyejifungua akatoroka. Ajali ya bodaboda, jina halijulikani. Mzee, mzee, mtoto, mzee. Kila mstari, akasema, ni dawa zilizotumika na damu iliyopimwa, na hakuna hundi inayokuja baadaye kufidia. Hospitali inanunua dawa kwa hela zilezile za dirishani. Mwezi wenye misamaha mingi, mwezi unaofuata stoo inakauka, na famasi ya nje ndiyo inayotajirika. Kila wiki yuko kikaoni anaulizwa kwa nini mstari wake ni mrefu.

"Nikimwandikia kila anayekuja na hadithi, yule asiye na hadithi atakuta dawa hakuna."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Niliingia ofisi ile nikiamini kwamba kuna mtu anakaa juu ya haki ya Babu. Nilichokuta ni mama mmoja aliyepewa kugawa kitu ambacho hakikununuliwa.

Ndiyo maana sasa lile swali lake la risiti nalisikia tofauti. Hakuwa anatutuhumu uongo. Alikuwa anatafuta mtu wa kumruka bila dhambi, na sisi tulikuwa tumempa sababu, imeandikwa, ina muhuri.

Operesheni

Kilichotuokoa hakikuwa hoja yangu.

Ilibaki sehemu ya umri. Akamgeukia Babu moja kwa moja, mara ya kwanza. "Mzee wangu, una miaka mingapi?"

Babu akasema sabini. Halafu akasema sabini na tano. Mimi nikafumba macho.

"Operesheni Vijiji ilikukuta wapi?"

Babu akachangamka. Akaanza kueleza jinsi walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa: lori lilivyokuja, watu wa TANU walivyosimama na karatasi, mlango wa nyumba yake alivyoung'oa akaubeba kichwani kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameuchonga. Mke wake alibeba mtoto na kuku. Walifika kwenye kijiji kipya hamna kitu, nyasi tu, wakalala chini ya ule mlango wameuegemeza kwenye mti.

"Kumbe ulikuwa na mke na mtoto?"

"Mtoto anatambaa."

Mama yule akachukua kalamu akapiga hesabu pembeni mwa faili. Operesheni, hata tuiweke 1975. Mwenye mke na mtoto anayetambaa, hata tumfanye ameoa mapema kupita kiasi, ana kumi na sita au kumi na saba. Akatoa, akapata. Hapungui miaka 65.

Akaandika. Hakuuliza uraia. Hakuuliza tena risiti. Msamaha ulihusu upasuaji na kitanda. Vifaa ambavyo stoo haina tungenunua wenyewe. Wakati anagonga muhuri akasema, kama anaongea na muhuri, kwamba baba yake naye alihamishwa na mlango.

Nafurahi? Nafurahi sana. Lakini nimelala na jambo hili vibaya. Angekaa pale afisa kijana, wa kuzaliwa 1998, Operesheni Vijiji kwake ni swali la mtihani wa kidato cha nne. Babu angekuwa mzee anayejichanganya miaka. Na tuseme kweli, Babu alipata nafasi ya kueleza kwa sababu alikuwa na mtu pembeni aliyevaa shati la kuchomekea, anayejua kusema "naomba ufafanuzi" badala ya kupandisha sauti. Kwenye benchi lile kulikuwa na bibi mmoja, peke yake, ameshika cheti kimekunjwa mara nne. Tulimkuta, tukamwacha.

Watu wananiuliza njia. Njia ninayoijua ni hii, na ni nyembamba. Mgonjwa wa dharura mpelekeni, atapokelewa, msisubiri karatasi. Ila mkishafika, mmoja wenu asiende dirishani kwanza, aende ustawi, aseme mapema kwamba mgonjwa huyu hana uwezo, hata kama mfukoni mna hela ya siku ile. Wazee wenu wasio wagonjwa waandikisheni sasa hivi, kitambulisho cha mzee na NIDA, wakiwa bado wanaweza kutembea na kukumbuka. Zile tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Zitawaepusha na hesabu za pembeni mwa faili. Na ikija kambi ya vipimo vya bure, nendeni. Julai 2024 meli ya hospitali ya Wachina, Peace Ark, ilipotia nanga bandarini Dar, watu waliamkia foleni gizani. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, maana najua kwa nini mtu anaona ni rahisi kutibiwa na meli ya jeshi la nchi ya mbali kuliko kupata barua ya mtaa wake.

Chenji ya mchango

Babu amefanyiwa upasuaji. Mpira umetolewa. Kifuko cha kitenge sasa anawekea chenji.

Zogo lililobaki ni la hela. Mchango ulikuwa umeendelea wakati sisi tunazunguka na barua, na msamaha ulipotoka, baada ya kununua nyuzi, dripu na dawa, kikabaki kiasi kizuri kwenye simu ya Mama Zawadi. Kundi la WhatsApp limegawanyika.

Kijana wa chipsi anataka elfu kumi yake irudi, alichangia kwa ajili ya upasuaji na upasuaji ulikuwa bure. Mwalimu anataka tumkatie Babu bima. Akatuma maelekezo, tukayafungua, kitu cha kwanza kinachoombwa ni namba ya NIDA. Mama Zawadi anataka hela ibaki, iwe ya mgonjwa atakayefuata. Mimi nikauliza, je, mgonjwa huyo tukimlipia tutaambiwa nini mezani kule ustawi? Mama Zawadi akanijibu kwa sauti ya sekunde nne: kwa hiyo tumwache afe ili awe na sifa?

Babu naye, ambaye hayumo kwenye kundi kwa kuwa simu yake haina WhatsApp, alipohadithiwa alisema hela ni yake. Birika limetoboka, mkaa umepanda. "Mlimchangia Babu," akasema, "au mliichangia tezi?"

Mwalimu anaona ana hoja. Kijana wa chipsi ametoka kwenye kundi.